Siku ya Kalamu Bondeni

Peris Nafula hakupenda watu, na watu nao hawakujisumbua kumpenda. Tuanze na hilo, kwa sababu kuna wanaodhani kwamba mtu akiuza vitabu lazima awe na roho laini. Waende Kitale, mtaa wa Bondeni, waulizie. Wataambiwa, yule mama wa vitabu? Yule ukimsalimia vibaya anakurudisha mlangoni uanze upya.

Wala hakuna chumvi hapo. Mtu akiingia dukani na kusema "Habali ya asubuhi," Peris hakuitikia. Aliweka mikono juu ya kaunta, akamkazia macho, akangoja. "Habari," alisema hatimaye. "Rudia." Na mteja, pengine baba mzima mwenye wajukuu, aliyetaka daftari tu la mtoto, alirudia mpaka r ikakaa mahali pake, au aligeuka akaenda zake supamaketi ambako madaftari hayana masharti. Wengi waligeuka.

Mtu hazaliwi na ukali wa namna hiyo. Peris alizaliwa Bokoli, upande wa Webuye, ambako l na r hulala kitanda kimoja na hakuna mwenye haja ya kuzitenganisha. Nyanya yake alisema hivyo, mama yake alisema hivyo, na mchungaji aliyembatiza alisema hivyo kutoka mimbarini, na Mungu akasikia. Shida ilianza Peris alipokuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi mjini Bungoma. Aliwapeleka wanafunzi wake kwenye mashindano ya kughani mashairi, na kabla hawajaanza akapanda jukwaani kuwatambulisha. Alipomaliza, jaji mmoja akavuta kipaza sauti akauliza kama alichokisema mwalimu kilikuwa Kiswahili au ni homa. Ukumbi mzima ulicheka. Wanafunzi wake mwenyewe walicheka. Peris alibaki amesimama pale, tabasamu limemgandia usoni, na kuanzia siku hiyo alimchukia kila aliyekuwa ndani ya ukumbi ule, hata watoto.

Hakulia. Alikwenda kupigana na ulimi wake. Kila jioni alijifungia chumbani akasoma gazeti kwa sauti, kijiti katikati ya meno, mlango, mrefu, mahali, mahari, kalamu, karamu, mpaka taya zikamuuma. Mumewe, alipokuwa hai, alidhani mkewe amejiunga na wale wanaonena kwa lugha. Miaka ilipita, na Peris akajiona amepona. Alijuaje? Hakuna aliyemcheka tena. Kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Mume alipofariki, aliacha kazi Bungoma akahamia Kitale. Shemeji yake Bethwel, ndugu mkubwa wa marehemu na mfanyabiashara wa nafaka, alikuwa na jengo Bondeni, akampa vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma. Cha mbele kikawa duka la vitabu. Cha nyuma ndicho kilichokuwa roho yake. Aliweka mabenchi, akapigilia ubao ukutani, akatangaza kwamba kila Jumamosi kuna darasa la uandishi kwa watu wazima, na kila baada ya muda mwandishi mmoja angekuja kusoma kitabu chake na kuulizwa maswali.

Waandishi walikuja. Alikuja mstaafu mmoja kutoka Moi's Bridge aliyeandika habari za mto Nzoia na mafuriko yake. Alikuja mchungaji aliyechapisha kitabu cha ndoa kwa pesa za waumini wake. Walinywa chai, walisoma, halafu Peris akasimama kuuliza, na hapo ndipo mgeni alipojua hajaalikwa, ameshtakiwa. Yule mchungaji aliulizwa kwa nini ukurasa wa kwanza peke yake una makosa mengi ya sarufi kuliko dhambi za mumini wake mbaya zaidi. Aliondoka bila kumaliza chai. Peris alilala vizuri siku hiyo.

Wanafunzi nao walionja. Hawakuwa wengi, lakini walikuwa wa kweli. Kulikuwa na Kiplimo, karani wa ghala la mahindi, kijana mpole aliyeandika hadithi za kuchekesha. Kulikuwa na Fadumo, muuza vitambaa karibu na msikiti, aliyetunga mashairi na kuyasoma kwa haraka kana kwamba atanyang'anywa. Na kulikuwa na Phelista, muuza ndizi katika soko kuu, mama wa makamo kutoka upande wa Bungoma kama Peris mwenyewe. Pengine ni kwa sababu hiyo Peris hakumvumilia. Kila Phelista alipofungua mdomo, Peris alisikia Bokoli nzima ikiingia darasani na viatu vyenye matope.

Jumamosi moja Phelista alisoma alichoandika juu ya mama yake, aliyekuwa akivuka mpaka wa Suam na mizigo ya maharagwe mpaka mgongo ukapinda. Fadumo alikuwa amekwisha kushika ncha ya mtandio wake. Phelista akafika mwisho, sauti imemshuka, akasoma, "Jioni hiyo mama arirara, na hakuamka."

"Alifanya nini?" Peris akauliza.

Phelista akainua macho.

"Nakuuliza, alifanya nini? Neno hilo halipo."

"Alilala, Madam."

"Tena."

"Alilala."

"Simama, useme wote wasikie."

Phelista alisimama akasema mama yake alilala, akasema tena, na mara ya mwisho sauti haikutoka. Kisha akakaa, akakunja karatasi yake ikawa ndogo, akaitia kwenye mkoba. Kiplimo aliangalia viatu vyake. Peris alifuta ubao, ameridhika kabisa. Hakuwa na habari kwamba ametenda ukatili. Kwake alikuwa amemwokoa mtu na ukumbi wa Bungoma.

Fadumo alimuuliza Phelista njiani kwa nini anaendelea kuja kutukanwa. Phelista akamjibu kwamba nyumbani akishika karatasi anaulizwa anamwandikia nani, na sokoni hakuna meza. Kwa Madam kuna meza.

Basi darasa likaendelea hivyo, kwa uchungu, mpaka Bethwel alipoanza kukitolea macho chumba cha nyuma. Msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia, na maghala yake mengine yalikuwa yamejaa. Alikuja asubuhi moja, akasimama katikati ya mabenchi akiyapima kwa macho.

"Mulamwa," alisema, maana hivyo ndivyo shemeji huitana kwao, "hii rumu inakaa bure wiki mzima. Mimi mborea yangu itanyeshewa."

"Mbolea," alisema Peris.

"Hiyo hiyo. Sasa hawa watu wako wa kusoma, ni watu ama ni uvumi? Nikipita hapa naona tatu, ine."

"Wako watu wa kutosha."

"Ati wa kutosha." Bethwel alicheka kwa pua. "Sikia. Mimi si mtu mbaya. Nijazie hii rumu siku moja tu, watu wafike ata mrangoni. Ukijaza, sitakusumbua tena, na nasema hivyo kwa jina ya ndugu yangu. Ukishindwa, mborea inaingia."

Peris alimwambia maneno ambayo mwanamke wa Kibukusu hamwambii shemeji mkubwa, na Bethwel akamrudishia yake. Lakini Bethwel alipoondoka, Peris alikaa kwenye benchi la mbele, la wanafunzi. Bila chumba kile angebaki muuza madaftari na biblia. Hakuna ambaye angemwita Madam tena. Angekuwa mama mjane wa Bokoli nyuma ya kaunta, na hilo aliliogopa kuliko kifo.

Akaamua kumleta Huzaifa. Huyu alikuwa mwandishi wa riwaya, amezaliwa Bungoma nyuma ya msikiti, mtoto wa fundi cherehani, ila sasa alikaa Nairobi na redioni walimsifu kwa Kiswahili chake kinachoteleza. Peris alimpenda kwa namna ambayo mtu humpenda hakimu anayemtumaini kwamba atamwachilia. Alimpigia simu mpaka mtu yule akachoka kukataa. Siku ya kuja kwake akaiita Siku ya Kalamu. Alinunua maboksi ya biro za bluu ili kila atakayefika aondoke na kalamu mkononi, aende kuandika. Wazo hilo lilimpendeza mno. Aliliona zuri kiasi kwamba alilisema peke yake jikoni.

Kutangaza akampa Tonny, mwenye gari la Probox lenye spika mbili juu, ambaye kwa kawaida hutangaza matanga na mikutano ya injili. Tonny alitaka kusema mwenyewe, ndiyo kazi yake. Peris akakataa.

"Wewe utaniharibia neno," alimwambia. "Lete simu."

Akarekodi mwenyewe, amesimama hapohapo kwenye kaunta, akiwa na furaha, na furaha ilikuwa kitu asichokizoea. Alisema kwamba wapenzi wote wa lugha wanakaribishwa Siku ya Kalamu, Jumamosi mchana, duka la vitabu la Bondeni. Hakuna kiingilio. Njoo na jirani yako. Kila atakayefika atapata kalamu. Kalamu ni ya bure, na tunayo ya kutosha.

Tonny alisikiliza rekodi ile, akafungua mdomo, akaufunga, akajikuna shingo. "Madam, si turudie hii kitu kidogo?"

"Mimi sirudii. Wewe ndiye wa kurudia, kila kona ya mji."

"Ni sawa basi," alisema Tonny, na akaondoka na gari lake. Alizunguka Bondeni, Tuwan, Kipsongo, Mitume, akapita sokoni, na kwa kuwa alikuwa na safari nyingine ya matanga akaendelea mpaka Moi's Bridge sauti ya Peris ikiwa juu kabisa.

Jumamosi ilipofika, watu walikuja.

Peris alikuwa bado anapanga biro mezani aliposikia miguu. Kwanza waliingia akina mama watano waliovaa vizuri, kila mmoja na mkoba mkubwa. Halafu familia mbili na watoto wao wameoga wanang'aa mafuta. Halafu wazee. Mabenchi yalijaa, watu wakakaa chini, wakasimama ukutani, wakaziba mlango, wengine wakabaki duka la mbele wakiegemea rafu za vitabu. Moyo wa Peris ulipanda. Alimwona Bethwel barabarani, amesimama kando ya lori lake, mdomo wazi, na Peris akamtazama moja kwa moja bila kupepesa. Hakuwahi kuonja utamu kama ule maishani.

Hakuona, au hakutaka kuona, kwamba mikoba ya akina mama ilikuwa na mikebe yenye vifuniko. Hakusikia watu wakinong'onezana kwamba huyu mama bila shaka anataka kiti cha wadi, maana siku hizi nani hutoa chakula bure kama hatafuti kura.

Huzaifa aliingia, kanzu nyeupe, kitabu kwapani, akashangaa. "Mashallah," alisema, "hata Nairobi siwapati hawa." Akasoma. Watu walimsikiliza kama wanavyosikiliza sala kabla ya kula, kwa heshima, huku jicho moja likiwa kwenye mlango wa uani. Alipomaliza walipiga makofi mengi, wakajiweka sawa. Mtoto mmoja aliuliza kama nyama sasa inakuja, akafinywa.

Peris akasimama. Aliwashukuru. Alisema wakati waliousubiri umefika. Akina mama wakafungua mikoba. Akachukua boksi la kwanza, akaanza kupita akigawa, kila mtu biro moja.

Mzee aliyekaa benchi la mbele, Mzee Wakhungu, aliyetoka Bungoma asubuhi baada ya kupigiwa simu na mpwa wake, aliigeuza biro ile vidoleni. "Hii ni ya kuandika jina?" aliuliza. "Ndio tupange raini?"

"Ni kalamu yako, mzee," alisema Peris. "Nenda nayo nyumbani."

"Na chakura?"

"Chakula gani?"

Mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Ati anatupea biro," na basi. Kelele zilizofuata zilisikika mpaka stendi ya magari. Nyama iko wapi? Ingokho, ile kuku, iko wapi? Mimi nimeacha kibanda yangu imefungwa. Mimi nimetoka Moi's Bridge na watoto tatu. Huyu mama ni tapeli. Biro ziliruka. Moja ilimpiga Peris kwenye shavu. Mtu aliangusha rafu ya vitabu vya darasa la nne, na hakuna aliyeinama kuviokota. Kiplimo alijaribu kusema jambo, akaambiwa akae na njaa yake. Watu walimwangalia Peris kwa chuki ya mtu aliyevaa nguo nzuri bure.

"Nani aliwaambia kuna chakula?" Peris alifoka.

"Wewe," walisema. "Na mdomo yako."

Macho yake yakamtafuta Tonny, akamwona dirishani. Akamwita mbele ya watu wote. Hapo ndipo alipotoa vidonge vyote alivyokuwa amevihifadhi tangu ukumbi wa Bungoma. Alimwita mjinga, akamwita mtu asiye na ulimi, akasema ni watu wa aina yake wanaolifanya taifa zima lichekwe, kwamba alimpa neno safi naye akalipeleka mjini limeoza. Tonny alikuwa baba wa watoto wanne na shemasi kanisani. Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Madam," alisema polepole, "mimi sikuongea. Ni wewe uriongea. Mimi nilibonyeza tu." Akatoa simu, akaiunganisha na spika za gari, akabonyeza.

Sauti ya Peris ikajaa mtaani. Watu wakacheka. Walicheka wakishikana mabega, hata waliokuwa na hasira walicheka, na hasira haikuwatoka kwa kucheka.

Peris alisikiliza. Siku ya Kalamu. Kila atakayefika atapata kalamu. Hakuona kosa.

"Mmesikia?" alisema. "Si nimesema kalamu?"

Wakacheka zaidi. Tonny akarudia. Peris akainamisha kichwa, akasikiliza kama mganga asikilizavyo kifua. Kalamu. Kalamu ni ya bure, na tunayo ya kutosha. Lilikuwa neno lilelile alilolitafuna na kijiti miaka yote ile, na lilitoka zima.

Akamgeukia Huzaifa, maana huyo hawezi kudanganya juu ya lugha. "Mwalimu, waambie. Nimesema nini?"

Huzaifa alikuwa amekwisha kuchukua kitabu chake. Hakuwa na huruma usoni, alikuwa na njaa. "Mama, ulinialika karamuni. Kwenye simu ulisema hivyo, zaidi ya mara moja. Mimi mwenyewe sijatia kitu tumboni tangu Nairobi." Akavuka biro zilizotapakaa sakafuni, akatoka.

Peris akautafuta uso mmoja tu ambao ungeona aibu kumwumiza. Akamwona Phelista, amesimama pembeni ya ubao. "Phelista, wewe ni wa kwetu. Nilisema nini?"

"Karamu, Madam."

"Hapana."

"Karamu. Na si hiyo tu." Phelista hakupandisha sauti. "Ni mengi. Kira Jumamosi. Ukikasirika ndio yanazidi. Sisi tulikuwa tunanyamaza."

"Mlikuwa mnaninyamazia?"

"Tulikuwa tunakuogopa."

Watu walitoka wakisukumana, wengine wakiwa na biro tatu tatu, maana bora hasara ndogo. Mzee Wakhungu aliomba nauli ya kurudi Bungoma, akaambiwa na mpwa wake anyamaze. Fadumo na Kiplimo waliokota vitabu vya darasa la nne bila kuombwa na bila kusema neno. Bethwel aliingia mwisho, akapita katikati ya mabenchi yaliyopinduka.

"Mulamwa, umejaza," alisema. "Mimi sikusema watu waitwe na nini. Chumba ni yako." Halafu akacheka mpaka akashika ukuta, na kicheko hicho Peris alikisikia hata lori lilipokwisha kuondoka.

Kwa hiyo alishinda. Wiki ile alikaa nyuma ya kaunta akiwa na chumba chake na bila amani yake. Rekodi ilikuwa imeingia katika makundi ya simu ya kila kanisa na kila chama, na wapita njia walimwamkia kwa neno lile. Watoto wa shule walisimama mlangoni, wakasema "Habali, Madam," wakangoja, maana waliambiwa ukisema hivyo anakuchapa na macho. Peris hakuwarudisha. Aliwauzia madaftari yao kimya. Tonny alimtumia rekodi bila ujumbe wowote, naye aliifungua mara nyingi kuliko anavyoweza kukiri, simu imebanwa sikioni, akingoja r itokee. Haikutokea. Hicho ndicho kilichomkata maini. Kama angelisikia kosa, angepigana nalo, kupigana alikuweza. Lakini masikio yake yalikuwa ya Bokoli, nayo yalimwambia kila siku kwamba yuko sawa. Basi yale maneno yote aliyowasahihisha watu, ni mangapi aliyasema vibaya wakati akisahihisha?

Angeweza kufunga darasa. Hakufunga, kwa sababu angemfunga nani kama si yeye mwenyewe. Ila alikaa siku mbili akiandaa somo, na hakuandaa mada, aliandaa maneno. Aliyapanga kama mama anayechagua mchele, akitupa kila lenye l na kila lenye r, mpaka akabakiwa na machache ambayo hata Bokoli haiwezi kuyageuza.

Jumamosi walikuja wote, na wengine wawili ambao hawakuwahi kuja, waliokuja kutazama. Hakuna aliyemchekea. Walikaa wakamwangalia kama anavyoangaliwa mbwa aliyewahi kuuma na sasa amefungwa.

"Hamjambo," alisema Peris.

"Hatujambo, Madam."

"Kaeni. Andikeni mnachoogopa."

Wakaandika. Alitembea katikati ya mabenchi bila kusema, na ukimya ule haukuwa wake wa zamani. Kiplimo ndiye wa kwanza kugundua. Aliinua kichwa, akamtazama midomo, akainama akamnong'oneza Fadumo, na Fadumo akamwangalia Peris kwa muda mrefu, akayashusha macho. Jambo lile lilitambaa benchi hadi benchi. Walipomaliza kuandika, kila mtu chumbani alijua Madam anafanya nini na ulimi wake.

"Nani anaanza kusoma?" alisema Peris. Hakuna aliyeinua mkono. Akanyoosha kidole upande wa Phelista. "Wewe. Soma."

Phelista alikuwa na karatasi yake mkononi, tayari. Hakusimama.

"Wewe nani, Madam?"

"Wewe. Nakuona."

"Naona umeniona. Lakini nina jina." Aliiweka karatasi juu ya goti akaifunika kwa kiganja. "Niite, nitasoma."

Kiplimo aliweka biro chini. Peris alisimama mbele ya ubao, mkono bado umenyooka, na akaelewa kwamba mwanamke huyu hakuwa anamtania hata kidogo, na kwamba asipofungua mdomo sasa hatakuwa na darasa, na pengine akiufungua pia hatakuwa nalo. Akashusha mkono. Akauweka ulimi nyuma ya meno, pale pale alipouzoesha miaka yote ile, akaliita jina lile taratibu, lote. Masikioni mwake lilitoka safi. Halafu akaanza kuwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, ili ajue amesema nini.